Hukunijibu Kuhusu Kope

Dar es Salaam,
22 Februari 2024

Kwa shangazi yangu Hamisa,

Shikamoo shangazi, na assalaam alaykum. Nimefika salama, ingawa kutoka Tunduma kuja huku mgongo haukuwa wangu tena. Mkweo Maganga anakupa pole kwa mara nyingine, bado anailaumu kazi iliyomzuia kuja kumzika Mzee Mahmud. Mimba inaendelea vizuri ila daktari amenigombeza. Anasema mtu aliyekwisha kupoteza mimba mbili hapandi basi kwenda Sumbawanga na kurudi, na kwamba nisitoke tena Dar mpaka nijifungue.

Natumaini wageni wamepungua na unapata nafasi ya kulala. Nilikuacha kwenye kile chumba cha uani, umejitanda mtandio mpaka puani, na moyo wangu umebaki hapo hapo mlangoni.

Sasa naomba nikuulize jambo, usinikasirikie. Siku ya tatu ya msiba nilipokuletea uji, mtandio uliteleza. Niliona kigubiko cha juu cha jicho lako la kulia kimevimba, na pembeni kina kinundu cha rangi ya manjano. Ukaniambia ni chokea. Sikukuhoji zaidi kwa sababu nyumba ilijaa watu. Lakini shangazi, la kushoto surua ililichukua ukiwa mtoto, umebaki na hilo moja. Na mimi ni muuguzi wa macho, kwenye kitengo kinachofanya utafiti wa upasuaji wa vigubiko. Chokea huja ikaondoka. Hiyo yako ilianza lini? Na kope za mahali hapo zipo, au zimetoka? Nijibu hasa hilo la kope.

Simu umempa mwanao Abdulnasir, ukasema mjane ndani ya eda simu ya nini. Haya, barua atazibeba yeye, kila lori lake likipanda huko kwenda mpakani Kasesya.

Mwanao,
Jasmin

*

Kizwite, Sumbawanga,
20 Machi 2024

Mwanangu Jasmin,

Marahaba. Waalaykum salaam wewe na huyo uliyembeba. Barua yako imenikuta nikiwa mzima, na nimeisoma mara nyingi kwa sababu humu ndani sina kingine cha kusoma isipokuwa msahafu. Mfungo wetu wa huku ni wa baridi na mvua, mtu huoni kiu, ila njaa ya saa kumi haina mchezo. Mwalimu Cornelia wa jirani, Mkatoliki wa watu, naye ameamua kufunga kwaresima kwa nguvu ili tusimpite. Jioni ananiletea uji wa ulezi na yeye anakaa kunitazama nikinywa.

Mahindi ya kwetu Mpui wanasema yamesimama vizuri. Maharage yamepigwa na mvua, sijui tutavuna nini. Abdulnasir haonekani nyumbani, akitoka Kasesya anageuza, na akigeuza anakwenda tena. Namwambia aoe, anasema lori lina wivu.

Wewe usinyanyue ndoo. Wala usipande juu ya kiti kufunga pazia, maana nakujua.

Chokea inaendelea. Nakanda kwa kitambaa cha maji ya moto na nimepata dawa ya kupaka kutoka duka la dawa. Ndugu zako wote wanakusalimu.

Wako shangazi,
Hamisa

*

Dar es Salaam,
2 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku joto limezidi, miguu imenivimba hata viatu vya kazini nimevikata kisigino. Mtoto ameanza kucheza tumboni, anachagua saa za futari kama vile naye amefunga. Maganga anasema huyo ni mtu wa Sumbawanga, ameshajua wakati wa chakula.

Hukunijibu kuhusu kope.

Nitakueleza wazi, kama ninavyowaeleza wagonjwa wetu, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu mzima haambiwi nusu. Ipo saratani inayojifanya chokea. Inaota kwenye vijitezi vya mafuta vya kigubiko. Haiumi. Inatulia, inarudi, watu wanaikanda na kuipaka dawa, na dalili yake kubwa ni kope kupukutika pale ilipo. Sisemi ndiyo uliyonayo. Nasema lazima ukatwe kinyama kidogo kipimwe, na hilo linawezekana hapo hapo mjini.

Ikiwa ndiyo, tiba yake ni kuikata yote pamoja na kipande cha kigubiko. Kisha lazima kigubiko kijengwe upya, maana jicho lisilofunikwa hukauka likafa. Kwa kigubiko cha juu, njia iliyozoeleka ni kukata pande la kigubiko cha chini, kulivuta juu na kulishona, ili lipate damu kutoka kwake mpaka lishike. Muda huo jicho linakuwa limeshonwa, limefungwa kabisa, majuma kadhaa. Halafu mgonjwa anarudi, linafunguliwa. Wengi hupona wakaona vizuri. Wachache hupata matatizo: kigubiko kukunjika, kope kuchoma jicho, au saratani kurudi.

Najua una jicho moja na najua majuma hayo yatakuwa magumu. Ningekuwa nawe kila saa, ningekulisha, ningekushika mkono kwenda msalani. Nenda upimwe shangazi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwanao anayekuogopea,
Jasmin

*

Kizwite,
3 Mei 2024

Mwanangu Jasmin,

Marahaba, na Idi iliyopita iwe ya heri kwako. Barua yako imechelewa sana, lori la Abdulnasir lilizuiwa Kasesya wakibishana makaratasi ya mzigo, na yeye akabaki huko anakula samaki wa migebuka na kulala chini ya turubai huku barua yako imo mfukoni. Imefika ina harufu ya dizeli.

Idi ilipita kimya. Nilipika wali kidogo kwa ajili ya watoto wa mtaani, nikaupitisha mlangoni. Hii ndiyo Idi ya kwanza baba Abdulnasir hayupo kulalamika kwamba pilau haina pilipili manga ya kutosha. Nililia, nikanyamaza, nikalia tena. Ndivyo siku zinavyokwenda.

Methali uliyoniandikia ni nzuri, lakini mtu hamwandikii mfiwa methali ya kifo. Hilo sikukufundisha mimi.

Nimekuwa nikiwaza jambo moja. Hayo majuma ambayo jicho linashonwa, mtu anasalije? Najua atasali, hata vipofu wanasali. Nauliza tu atajuaje kama alfajiri imepambazuka. Na wanaposhona, mgonjwa ana habari, au amelala? Na wakati wa kufungua, kuna mtu aliyewahi kufunguliwa na asikute kitu?

Usifikiri naogopa. Nimo ndani ya eda, na mjane hatoki nyumbani kwa marehemu mpaka siku zake zitimie. Zitatimia karibu na Idi ya kuchinja, si mbali. Ukitaka nikushukuru, kula vizuri.

Wako,
Shangazi Hamisa

*

Dar es Salaam,
14 Mei 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi na tumbo langu hatujambo. Nisamehe kwa ile methali, iliniuma niliposoma ulivyoipokea. Safari hii sianzi na habari za mahindi kwa sababu nina habari njema na mkono unakimbia.

Utafiti wa kitengo chetu ni juu ya njia mpya. Nilikuwa sijakuandikia kwa sababu nilidhani haijawa tayari. Wanatoa uvimbe, na siku hiyo hiyo wanajenga kigubiko. Kwa ndani wanaweka utando uliochotwa ndani ya mdomo, upande wa midomo, palipo laini. Kwa juu wanatelezesha ngozi ya jirani, ya hapo hapo usoni. Jicho halishonwi, shangazi. Linafunikwa bendeji kwa siku chache basi. Watu wa jicho moja ndio hasa waliotafutiwa njia hii, ili wasiingie gizani. Nimewaona kwa macho yangu. Yupo mama mmoja mkulima, alipofunguliwa alimuuliza daktari kwa nini hajanyoa ndevu.

Nimemweleza Dk. Tuntufye, ndiye mkuu wa utafiti, mtu wa Mbeya, mpole. Amesema njoo. Ila kuna mpaka, na nakuomba uusome taratibu. Njia hii inafaa kama uvimbe haujapita nusu ya kigubiko. Ukipita hapo, na ukiingia ndani nyuma ya kigubiko, hakuna tena cha kujenga juu yake. Hapo huondolewa jicho lenyewe ili mtu aishi. Kwa hiyo kila juma lina maana.

Kuhusu eda, nimempigia Sheikh Yunusu wa msikiti wenu. Amesema mjane akiwa na haja ya lazima, na matibabu ni lazima, anatoka, na hana dhambi yoyote. Amesema yuko tayari kuja kukwambia mwenyewe.

Nakuomba Abdulnasir akupige picha ya jicho anitumie. Picha moja. Kope zimebaki, shangazi?

Jasmin

*

Kizwite,
6 Juni 2024

Kwa Jasmin,

Marahaba. Natumaini miguu imepungua kuvimba. Weka juu ya mto ukilala.

Sheikh Yunusu amekuja. Alikaa barazani akakohoa, akazungumza na mimi kupitia pazia, maskini ya Mungu, na aibu yake yote. Nikamshukuru nikamwambia nimesikia. Kisha nikakaa ndani nikakasirika kwa siku nzima. Wewe Jasmin nimekulea toka mama yako alipofariki una meno mawili. Nimekuogesha, nimekusuka, nimekupeleka madrasa ukilia. Leo unanizunguka kwa masheikh kama vile mimi sijui sheria ya eda ninayowafundisha wanawake wa mtaa mzima. Najua kwamba mgonjwa anaruhusiwa kutoka. Kuruhusiwa ni jambo moja, na kutaka ni jambo lingine.

Haya, yamekwisha. Mtoto hachukiwi.

Baridi imeanza, upepo unapiga mabati kutwa. Tumeanza kuvuna maharage, kidogo kuliko mwaka jana. Mwalimu Cornelia ananitungia uzi kwenye sindano siku hizi, anasema vijitundu vya sindano za kisasa vimekuwa vidogo, na mimi nakubaliana naye.

Picha sitapigwa. Toka nilipofiwa sijapaka wanja, kama mjane anavyotakiwa, na uso wangu bila wanja si wa kutumwa kwenye simu. Usiniulize zaidi ya hapo.

Eda ikiisha nitakwenda kupimwa hapa mjini. Kisha nitakuja huko kwako. Nimesema.

Shangazi

*

Dar es Salaam,
12 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui hata nianzie wapi.

Mwalimu Cornelia alinipigia akasema amekusindikiza stendi mwenyewe, amekuona unapanda basi, umekaa dirishani na kikapu cha karanga zangu mapajani. Nilifurahi nikalia. Nilitandika kitanda, nikahamisha kabati ili usigonge mguu. Nilimwambia Dk. Tuntufye kesho yake asubuhi akuweke wa kwanza.

Mimi na Maganga tulifika stendi ya Mbezi kabla ya basi. Mimi na tumbo hili, nimekalia begi, maana hata benchi zilikuwa zimejaa. Basi likaingia. Nilimtazama kila mtu aliyeshuka. Walishuka wote, na utingo akafunga mlango. Nikamwambia bado kuna mama mmoja, mjane, ana mtandio mweupe. Akasema yule mama alishuka Mpui, hata saa moja haijapita toka Sumbawanga. Alisema ameacha kitu nyumbani. Karanga akaziacha kwenye kiti, ziwafikie wenyewe.

Karanga zimefika shangazi. Nimekaa nazo mezani siwezi kula hata moja.

Siwezi kuja kukufuata. Nimemwomba daktari wangu, amekataa, na Maganga amekataa, na mimi mwenyewe nikimwekea mkono huyu aliye tumboni naona siwezi. Ninajua kila kitu kuhusu jicho lako na sina hata kamba ya kukuvutia. Kila siku nawasomea wagonjwa wasionijua maelezo ya utafiti, wananiamini, wanakubali. Wewe ndiye umenishinda.

Utafiti unafunga kupokea wagonjwa mwisho wa mwezi huu. Niambie ukweli tu. Sitakugombeza.

Jasmin

*

Mpui,
10 Agosti 2024

Jasmin mwanangu,

Marahaba. Nisamehe mistari inapandana, karatasi hii haina mistari na meza ya huku inacheza. Niko Mpui bado, nyumbani tulikozaliwa mimi na baba yako. Mahindi yameingia ghalani. Usiku tunaota moto. Wananitunza vizuri, wala hawaniulizi kitu, na hiyo ndiyo sababu nimekaa.

Umetaka ukweli. Nitauandika huku nikiwa bado na uwezo wa kuandika.

Kope zilikwisha kabla baba Abdulnasir hajafa. Zilianza kutoka alipopata kiharusi, mimi namgeuza kitandani na kumlisha, nani ana habari na kope. Nikawa naziba kwa wanja. Nachora mstari pale palipokuwa na kope, na yeye akinitazama anaona macho ya mkewe. Ndiyo maana uliona siku ya msiba, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeacha wanja. Wewe uliniuliza kope kila barua, na mimi kila barua nikakwandikia maharage.

Simu nilimpa Abdulnasir kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye simu ungeniuliza na ningetakiwa kujibu papo hapo. Ungetaka na kuniona.

Eda ilipoisha nilikwenda kupimwa kama nilivyoahidi. Wakakata kinyama. Majibu yalikuja kabla ya safari. Ni ile uliyoniandikia. Daktari alinipima kwa kijirula chake nikamuuliza, imepita nusu? Akashangaa nimejua wapi habari za nusu. Imepita, Jasmin. Imepita na imeingia nyuma. Kwa hiyo nilipopanda basi nilijua siji kwenye ile njia yako nzuri. Nilikuwa nakuja kutolewa jicho.

Na bado nilikuwa nakuja. Tulipofika Mpui nikaiona nyumba yetu kutoka barabarani. Humo ndimo nilimougulia surua. Macho yalivimba wakanifunga kitambaa, wakaniweka chumba cha nyuma, wakaniambia nikifunguliwa nitaona. Nilikuwa mdogo, nilikaa gizani sijui muda gani, nikisikia wenzangu wanacheza nje. Siku ya kufunguliwa upande mmoja kukawa na mwanga na upande wa pili kukabaki vile vile. Nilidhani wamesahau kufungua. Nikawaambia, na huku je? Mama akatoka nje.

Hiyo barua yako ya Aprili uliponieleza kuhusu kushonwa, ilinirudisha chumba kile. Uliandika vizuri, hukukosea neno. Ile ya pili yenye habari njema niliisoma pia, lakini ya kwanza ilikuwa imeshaingia mwilini. Nilijificha ndani ya eda, mwanangu. Nilifurahi kwamba sheria ina mlango na mimi niko nyuma yake. Na nilipoona nyumba, miguu ikashuka yenyewe.

Sasa nina ombi moja. Umeshakaribia kuzaa. Niache nimwone mtoto wako kwanza. Ukijifungua, tuma picha yake kwenye simu ya Mwalimu Cornelia, nitarudi Kizwite nimngojee huko. Nikishamwona watachukua wanachotaka, na mimi nitapanda basi bila kushuka.

Shangazi yako,
Hamisa

*

Dar es Salaam,
27 Agosti 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo kutoka kwangu na kutoka kwa mgeni. Ni msichana. Alizaliwa Jumatatu mchana, uzito mzuri, kilio cha kugombana. Mimi sijambo, nimeshonwa lakini natembea. Maganga anambeba kama mtu aliyebeba sinia la mayai.

Barua yako niliisoma wodini, uchungu ukiwa umeanza. Sitaandika niliyoyahisi, nikianza sitamaliza. Natamani ile ya Aprili ningeirarua. Nilikwandikia kama muuguzi, na wewe ulikuwa unasoma kama mtoto wa Mpui, na hakuna mtu kati yetu aliyekuwa na habari.

Lakini leo nina furaha moja, nayo ni kubwa. Mwalimu Cornelia amenipigia amesema picha umeiona. Amesema uliishika simu kwa mikono miwili, ukasema mashallah, pua ni ya Jasmin mtupu. Nilimwambia arudie mara mbili. Basi tuliwahi, shangazi. Hilo angalau tuliwahi.

Jina tunakungoja wewe. Mimi nataka aitwe Hamisa.

Na Dk. Tuntufye amesema nje ya utafiti atakufanyia mwenyewe. Utafiti wake ulifungwa, mlango wake haujafungwa. Atatoa kinachotakiwa kutolewa ili uishi. Abdulnasir amesema ataegesha lori na kuja nawe, atakaa kiti cha pembeni, na Mpui mtapita mkiwa mmeshikana.

Jasmin

*

Kizwite,
20 Septemba 2024

Jasmin mwanangu,

Mwandiko huu utaujua si wangu. Anaandika Mwalimu Cornelia, mimi nasema. Amekubali kuandika kila ninalolisema hata kama yeye halipendi, kwa hiyo asipunguze kitu.

Marahaba, na marahaba ya mgeni pia. Nimepokea salamu zote. Upepo umetulia, joto linarudi, watu wameanza kutengeneza mashamba. Abdulnasir yupo, anapika chai mbaya.

Nilikudanganya. Picha sikuiona.

Siku niliyorudi kutoka Mpui uvimbe ulikuwa umeshuka, umelifunika jicho lote. Nikikinyanyua kigubiko kwa kidole napata weupe tu, kama mtu anayetazama unga. Mwalimu alipoleta simu nilijua mahali ilipo kwa sauti yake. Nikaishika. Nikasema kafanana na wewe, kwa sababu angefanana na nani? Mwalimu alifurahi, akakupigia, na mimi nikamwacha. Amejua wiki hii tu nilipomwambia anisomee barua yako, maana hata hiyo nilikaa nayo siku nyingi chini ya mto nikisema nitaisoma kesho. Hapa ameacha kuandika analia, nimemwambia aendelee.

Niliogopa kushonwa, Jasmin. Nimejificha ndani ya eda, nimeshuka basini, nimekaa Mpui, yote nisishonwe jicho. Limejifunga lenyewe. Hakuna aliyelishika.

Nitakuja. Sina tena sababu ya kutokuja, na Abdulnasir ameshakata tikiti. Mwambie daktari wako achukue, asinieleze kitu, wewe uliniambia kila kitu na nakumbuka.

Mtoto usimpe jina langu. Jina langu limezoea giza. Mwite Hamida, awe na jina karibu na langu lakini lake mwenyewe.

Na nakuomba kitu kabla sijaja. Wewe unajua kueleza wazi, hujui kueleza nusu. Niandikie huyo mtoto. Niandikie vile ulivyoniandikia ugonjwa, usiruke kitu, Mwalimu atanisomea. Ana kope?

Shangazi yako

*

Dar es Salaam,
1 Oktoba 2024

Mwalimu Cornelia, shikamoo. Nakuomba umsomee shangazi taratibu, na ukimaliza umsomee tena.

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tumeamka salama. Chumba chako kiko tayari, kabati liko pale pale nilipolihamishia. Anaitwa Hamida, tumeshamwadhinia na kumnyoa, kwa hiyo nywele sina za kukwandikia.

Amelala mapajani mwangu ninavyoandika. Ngozi yake imeanza kukoza masikioni, atakuwa wa rangi yako. Paji la uso ni pana, la Maganga, tutamsamehe. Pua uliipatia bila kuiona, ni yangu, na mimi niliichukua kwa baba yangu, na baba yangu na wewe mliitoa Mpui, basi ukitaka kuijua shika ya kwako. Mdomo wa juu una kijipele cha kunyonya. Kidevu kinatetemeka akikaribia kulia. Kwenye shingo kuna mikunjo miwili ambamo maziwa hujificha, na kila jioni naisafisha kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Vidole vyake ni virefu, na amekishika kidole changu kidogo, kwa hiyo kama mwandiko umepinda Mwalimu anisamehe.

Macho yote mawili yanafuata taa. Nimeyapima kwa namna ninayoijua mimi, asubuhi na jioni, na Maganga anasema nitamchosha mtoto. Vigubiko vyake ni vyembamba, naona vijishipa vya damu. Akilala havifungi sawasawa, upande wa kulia unabaki na mwanya mdogo, kama mtu anayechungulia kama wageni wameondoka.

Uliniuliza kope. Wiki ya kwanza hazikuonekana, nikaingiwa na hofu zangu za kazini. Sasa zipo. Leo nimembeba dirishani nikazitazama kwa lenzi ya hospitali, moja moja, juu na chini, kulia na kushoto.

Anazo, shangazi. Anazo zote.

Mwanao,
Jasmin